Raga na Mpira wa Kimarekani: Kazi Mbili za Mwili

Natumaini wanadarasa wote mmekwisha kaa, na kila mtu ana daftari na kalamu, maana leo kuna hesabu kidogo.

Hapa Mwanza mchezo wetu ni mpira wa miguu. Lakini siku hizi televisheni hutuonyesha raga na mpira wa Kimarekani. Mtazamaji huona watu wenye nguvu wakigombea mpira wenye umbo la yai na kuangushana chini, naye hudhani ni mchezo mmoja. Sivyo.

Twendeni kwanza Mwaloni, pale Kirumba. Mtazameni kuli anayeshusha magunia ya dagaa. Anajitwisha gunia, anakwenda upesi, anatua, anapumua, kisha anarudi kuchukua jingine. Sasa mtazameni mvuvi apigaye kasia ziwani. Yeye hapigi mbio, lakini hapumziki. Akiacha kasia, upepo humrudisha nyuma. Nani ana nguvu zaidi? Kila mmoja ana nguvu za namna yake, na ukiwabadilisha kazi, wote wawili watachoka mapema.

Mpira wa Kimarekani ni kazi ya kuli. Saa ya mchezo huhesabu dakika 60, lakini waliopima walikuta mpira wenyewe huchezwa dakika 11 hivi. Toeni 11 katika 60. Zinabaki 49, nazo ni za kusimama, kushauriana na kujipanga upya. Kila shambulio huchukua sekunde chache tu, na katika sekunde hizo mtu hutoa nguvu zake zote. Tena wako watu wa kushambulia na watu wengine wa kulinda; hawa wakiingia, wale huketi. Ndiyo maana mchezo huo una nafasi ya mtu wa kilo 140. Kazi yake ni kuwazuia wengine wasipite, wala hatakiwi kukimbia mbali.

Raga ni kasia. Ni dakika 80, na watu 15 wale wale hushambulia na kulinda. Ukiangushwa, mchezo hausimami: unaachia mpira, unainuka, unakimbia tena. Mchezaji wa raga huweza kukimbia kilomita 5 au zaidi katika mechi moja.

Yuko kijana wa Nairobi aliyeipima tofauti hiyo kwa mwili wake, Daniel Adongo, aliyezaliwa mwaka 1989. Alicheza raga Afrika Kusini na New Zealand. Mwaka 2013 timu ya Indianapolis Colts ya Marekani ikamchukua, ingawa hakuwa amepata kucheza mchezo wao hata siku moja. Alikuwa mrefu, karibu mita 2, mwenye uzito wa zaidi ya kilo 110, tena mwenye mbio. Desemba mwaka ule akaingia uwanjani, Mkenya wa kwanza katika ligi kuu ile. Walimtumia zaidi wakati mpira unapopigwa teke kwenda mbali, kwa sababu hapo kuna kukimbia na kukamata, kazi aliyokwisha kuijua. Mengine ilimbidi ajifunze kama mtu mzima anayeanza a, e, i, o, u. Mwaka 2015 timu ikamwacha.

Sasa wazazi, sikilizeni. Wamarekani huvaa kofia ngumu, na wengi hudhani kofia hiyo hulinda kila kitu. Kofia huzuia fuvu lisipasuke. Haizuii ubongo kutikisika ndani, kama maji ndani ya kibuyu. Mwaka 2002 daktari Mnigeria, Bennet Omalu, aliuchunguza ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa Marekani, akaukuta umeharibika. Baadaye madaktari waliona madhara kama hayo kwa wachezaji wa raga pia.

Hata mpira wetu wa miguu una vichwa vinavyogongana. Mtoto aliyegongwa kichwa, akitapika, au akisahau alipo, au akiyumba, asirudi uwanjani siku ile hata akilia. Apelekwe hospitali.

Haya, shikeni kalamu. Katika raga mpira huchezwa dakika 35 hivi kati ya 80. Zinabaki ngapi? Kisha andikeni maneno haya matatu, herufi kubwa kwanza: Kasia. Kuli. Ubongo.