TUNDA MOJA LENYE JERAHA HUOZESHA KASHA ZIMA



Magari yaletayo matunda Bujumbura kutoka upande wa Rumonge hupita hapa kwetu Kanyosha. Msimu mmoja tajiri aliwakata wapakuaji ujira kwa sababu machungwa yalifika yameota ukungu wa kijani. Tulikwenda tukayakagua pamoja nao, chungwa moja moja. Karibu kila lililooza lilikuwa na jeraha la kucha, la msumari wa kasha, au la kikonyo kilichonyofolewa. Majeraha hayo yalitokea kabla gari halijafika.

Inafaa sote tuelewe jambo hili. Mbegu za ukungu ni vumbi jepesi lielealo hewani na kukaa ndani ya makasha. Ukungu wa kijani hauwezi kutoboa ganda zima la chungwa. Huingia penye jeraha. Kwa hiyo kinga ya kwanza haiuzwi dukani:

1. Kata kikonyo kwa mkasi, usinyofoe. Kata kucha zako.

2. Usichume matunda yakiwa yamelowa mvua au umande.

3. Gongomea misumari ya kasha, utandike majani makavu safi, wala usijaze hadi matunda yabanwe na kifuniko.

4. Lililooza litolewe mbali na ghala siku ile ile. Makasha yaoshwe na kuanikwa juani.

5. Weka matunda kivulini penye hewa.

Machungwa yanaweza pia kutumbukizwa kwa dakika mbili au tatu katika maji yenye bikabonati ya soda, ile ya kuumulia maandazi, gramu 30 kwa kila lita. Yakaushwe kivulini. Bikabonati huuzuia ukungu usikue, lakini haiponyi tunda lililokwisha oza.

Embe lina shida nyingine. Ugonjwa wake wa madoa meusi huingia tunda likiwa bado mtini, ukajificha mpaka linapoiva. Hapa husaidia maji ya moto ya digrii 52 kwa dakika tano, kisha maembe yapozwe. Pasipo kipimajoto msijaribu, maana moto ukizidi huunguza ganda.

Wengine watasema dawa za viwandani ni rahisi zaidi. Lakini ukungu huzoea dawa ile ile ikitumiwa mara kwa mara, kama ulivyokwisha zoea thiabendazoli na imazalili. Na anayeishika dawa bila glavu ni mfanyakazi.

Ndugu, anayelipwa kwa hesabu ya makasha hulazimika kukimbia, na mbio huzaa majeraha. Basi tudai mikasi, makasha mazuri, kivuli na muda wa kutosha. Na kabla ya mtu yeyote kukatwa ujira, matunda yakaguliwe mbele ya mjumbe wa wafanyakazi. Wapakuaji wale walirudishiwa fedha zao kwa sababu walikuwa wameyahifadhi machungwa yaliyooza, wakayaonyesha.