MPANGO USIOPITIA BARAZANI HAUPANDI MLIMANI

Mtu atokaye mjini Morogoro kwa njia ya Bigwa, akapita Kiroka na Mkuyuni, huwa na Milima ya Uluguru upande wake wa kuume mpaka afike Matombo. Huona migomba imesimama penye mteremko ambao mgeni hupata shida hata kuupanda kwa miguu, na huona akina mama wakilima hapo hapo bila wasiwasi. Mashamba hayo yana historia, na historia hiyo yafaa ikumbukwe na kila mwanachama na kila mfanyakazi, hasa yule aliyekabidhiwa kazi ya kuwapangia wengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni ilileta Uluguru mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi. Kusudi lake, tukisema kweli, halikuwa baya. Mvua ya milimani ni nyingi, mteremko ni mkali, na udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji na kumwagwa mitoni. Mabwana shamba walitaka udongo huo ukae mahali pake. Dawa waliyoiandika ilikuwa matuta ya ngazi: ubavu wa mlima ukatwe daraja baada ya daraja, toka chini mpaka juu. Tena wakakataza kuchoma moto mashamba wakati wa kuyatayarisha. Wananchi wakaamriwa kuichimba milima yao kwa siku zilizowekwa, na mkaidi aliadhibiwa.

Waluguru walijua jambo ambalo mabwana shamba hawakuliuliza. Udongo mzuri wa milima ile ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi, ule wa juu hufukiwa, na ule wa chini usio na rutuba hutokea juu. Mahindi yakipandwa humo hudumaa. Zaidi ya hayo, ardhi ya Uluguru kwa desturi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Watu wengi walishuku kwamba shamba likishatengenezwa kwa amri ya Serikali, Serikali hiyo hiyo italitwaa. Shaka hiyo haikujibiwa, kwa sababu hapakuwa na baraza ambamo mkulima angeuliza akajibiwa. Sultani na wandewa walikuwapo, lakini kazi waliyopewa na mkoloni ilikuwa kuteremsha amri, si kupandisha maoni ya watu.

Hata mwezi wa Julai 1955 wananchi wakakusanyika Matombo kwa wingi na kukataa. Polisi waliletwa, risasi zikafyatuliwa, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo amri ya kuchimba ngazi haikuendelea tena. Mpango uliofanyiwa hesabu kwa miaka mingi ulianguka kwa muda mfupi, na sehemu nyingi za ngazi zile zikaachwa zikaota majani.

Wakati huo TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, maana iliundwa tarehe 7 Julai 1954, na miongoni mwa waasisi wake 17 alikuwamo Patrick Kunambi, mwana wa Uluguru. Wananchi wa Matombo hawakuhitaji kufundishwa maana ya kutawaliwa. Walikuwa wameishika mikononi mwao kwa mpini wa jembe. Ndiyo maana Chama kiliposema kwamba watu wajitawale, neno hilo lilieleweka upesi milimani.

Ni rahisi kuwalaumu wakoloni na kuishia hapo. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na methali hiyo haichagui rangi ya mpangaji. Baada ya Uhuru sisi wenyewe tulipata kusahau. Mwaka 1972 tulizivunja serikali za mitaa, na mipango ya wilaya ikawekwa mikononi mwa maofisa walioteuliwa. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Mwalimu Nyerere, ambaye hakuona aibu kukiri kosa, alisema mwaka huo huo wa 1984 kwamba kuzivunja serikali za mitaa ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Kiongozi mkubwa akisema hivyo, mdogo hana udhuru wa kurudia kosa hilo hilo.

Leo Uluguru ina jambo lile lile mbele yake, nalo limekuwa kubwa zaidi. Mto Ruvu hupata maji yake mengi katika milima hii. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959 na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976, na mpaka leo mitambo hiyo miwili ndiyo tegemeo kubwa la Dar es Salaam kwa maji ya bomba. Mto Ngerengere nao hujaza Bwawa la Mindu, linalonywesha mji wa Morogoro. Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua kwa ukame, mji mkubwa kuliko yote nchini ukaingia katika mgao wa maji. Mfanyakazi wa Kurasini na mkulima wa Matombo hawajuani, lakini wameunganishwa na mto mmoja.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Penye nchi tambarare mita 60 si kitu. Lakini katika bonde jembamba la Uluguru, mita 60 upande huu na mita 60 upande ule zinaweza kulimeza shamba zima la familia, tena lile lenye unyevu, linaloleta mboga na fedha za karo wakati wa kiangazi. Hatusemi sheria ipuuzwe. Mto ukifa, na shamba hilo litakufa. Tunasema kwamba ofisa anayepanda mlimani na kipimo cha mita 60 peke yake, bila jibu la swali la “tutakula nini?”, anaifuata njia ile ile ya mwaka 1955, hata kama anavaa shati la kijani.

Njia nyingine ipo, na milima yenyewe imekwisha kuionyesha. Huko Mgeta, upande wa magharibi, matuta ya ngazi yanalimwa hadi leo bila askari wa kuyasimamia. Sababu haifichiki: mkulima hupanda humo kabichi, viazi na mboga nyingine, humwagilia, naye hupata soko la Morogoro na Dar es Salaam. Ngazi inamlipa, kwa hiyo anaitunza. Na huko Kibungo Juu, katika miaka iliyofuata 2006, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu mpango ambao wazee wa 1955 wangeushangaa. Wakulima walikubaliana kuchimba makingamaji na ngazi na kupanda miti mashambani mwao, nao walilipwa kwa kazi hiyo. Miongoni mwa walioingia katika mapatano ya kulipa walikuwamo DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam la wakati huo, na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza. Mlima ni ule ule na jembe ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa juu aliulizwa, na mtu wa chini, anywaye maji, alikubali kuchangia gharama.

Chombo cha kuulizana kipo kisheria, wala hatuhitaji kukibuni. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamke kwa mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zimeuweka mkutano huo mahali pa kuamua, si mahali pa kupiga makofi. Mpango wa ardhi ya kijiji hauna budi kuidhinishwa hapo.

Lakini chombo kisichotumika huota kutu. Mkutano ukiitwa siku ya gulio, watu hawaji. Ramani ikiletwa imekwisha kuchorwa, watu wananyamaza, na ukimya wao unaandikwa kwamba wameafiki. Akina mama, ambao kwa desturi ya Uluguru ardhi hupitia kwao na ambao ndio wenye jembe, wakikaa nyuma bila kuombwa neno, basi mwenye ardhi hajasema. Kila mwanachama aliyepata uongozi wa kijiji au wa kata ajiulize: katika mkutano uliopita, ni pendekezo gani la ofisi lilibadilishwa kwa sababu mwananchi alilipinga? Kama hakuna hata moja kwa mwaka mzima, haielekei kwamba ofisi haikosei kamwe. Yaelekea zaidi kwamba wananchi wameacha kusema.

Wafanyakazi wa mijini nao wana sehemu yao. Anayefungua bomba Morogoro au Dar es Salaam hutumia jasho la mtu aliyeacha kulima kando ya kijito. Ni haki sehemu ya fedha ya maji irudi mlimani, ikiwa miche, mbolea au malipo ya makingamaji, kama Kibungo Juu ilivyoonyesha kwamba yawezekana. Huo ndio ujamaa tuliouhubiri, nao hauhitaji hotuba mpya.

Wananchi wa Matombo walikataa ngazi zilizochimbwa kwa amri, na Chama chetu kilijengwa na watu wa namna hiyo. Leo kiti cha mpangaji tumekikalia sisi. Anayekikalia apande kwanza mlimani na masikio yake, na kipimo kifuate baadaye. Penye wengi hapaharibiki neno, ila sharti wengi hao wapewe nafasi ya kulisema.