Mlango wa Ghala Hulindwa Pia kwa Chini

Nchini Malawi mahindi huvunwa na kuingizwa ghalani kati ya Aprili na Juni. Kufikia Desemba akiba za kaya nyingi zimepungua, bei imepanda, na hali hiyo hudumu hadi Machi. Katika miezi hiyo gunia moja la kilo 50 ni mali ya kulindwa kwa makini. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wafanyabiashara wa kambi ya Dzaleka, pamoja na wenye nyumba na bohari za Area 47 jijini Lilongwe, jambo moja ambalo husahauliwa mara nyingi: usalama wa sehemu ya chini ya mlango unaosukumwa kando.

Dzaleka, iliyoko wilayani Dowa, ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, na wakaaji wake wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kwa mtu aliyekwisha kupoteza nyumba na shamba mara moja, bidhaa zilizo nyuma ya mlango wake ndizo mtaji wake wote.

Udhaifu uko wapi

Mlango wa ghala unaosukumwa kando kwa kawaida huning'inia. Magurudumu yake yako juu, ndani ya reli, na uzito wote unabebwa huko. Chini hakuna bawaba wala kizingiti kinachoushika. Kufuli huwekwa katikati, usawa wa kifua, nalo huzuia mlango usisukumwe kando. Halizuii pembe ya chini isivutwe nje. Mwizi akiingiza mtaimbo hapo, bati hujikunja na upenyo hupatikana. Mtu mwembamba hupita, au gunia hutobolewa na nafaka ikamiminika nje.

Asubuhi kufuli hukutwa zima. Hapo mwenye mali huhitimisha kwamba aliyeiba ana ufunguo, na lawama humwangukia mlinzi au mfanyakazi asiye na hatia. Twawasihi: kabla ya kumtaja mtu yeyote, inameni mtazame chini ya mlango.

Hatua za kuchukua

Kwanza, mlango upewe cha kuushika chini. Fundi achimbie katika zege kipande cha chuma cha pembe, yaani engo, upande wa nje, ili mlango upite kati ya chuma hicho na ukuta. Nafasi ya sentimita moja yatosha. Kipande kimoja kikae upande ambao mlango hufungukia, na kingine upande unakofikia ukifungwa, wala si katikati ya njia, kisije kikawakwaza wabeba mizigo.

Pili, liwekwe komeo la kushuka: nondo nene inayoingia ndani ya bomba lililozikwa katika zege, kwa kina cha sentimita 10 hivi.

Tatu, mlango uzidi upana wa uwazi kwa sentimita 10 kila upande, ili mtaimbo usipate ukingo wa kushika.

Nne, juu ya magurudumu pachomelewe kizuizi, mlango usiweze kuinuliwa ukatoka relini. Na ncha za reli zizibwe. Nati zote zielekee ndani.

Mageti ya magari, kama yale ya nyumba nyingi za mjini, ni tofauti. Hayo hubebwa na magurudumu ya chini juu ya reli iliyolazwa ardhini, na huibiwa njia kwa kuinuliwa. Dawa yake ni kizuizi cha juu kisichoruhusu geti kupanda kuliko kina cha mfereji wa gurudumu.

Kazi hii haimaliziki siku ya fundi. Wakati wa mvua tope na makapi hujaza bomba la komeo. Nondo hushuka nusu, na mwenye ghala hudhani amefunga. Safisheni kila juma, na kila jioni sukumeni pembe ya chini kwa mguu. Ikicheza, haijafungwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa uko miguuni petu.

Uhai kabla ya mali

Wapo vijana wanaolala ndani ya maduka na maghala ili kuyalinda. Mlango usifungwe kamwe kwa kufuli la nje ilhali mtu yumo ndani. Komeo la chini liwe la kufunguka kutoka ndani bila ufunguo, na kila alalaye humo ajue kulifungua gizani. Moto haungoji mwenye ufunguo aamke.

Wizi ukitokea

Msifagie, msishike mlango, wala msirudishe bati mahali pake. Alama za mtaimbo na nyayo zina mengi ya kueleza. Toeni taarifa upesi katika kituo cha polisi kilicho karibu au kwa kamati ya ulinzi shirikishi ya eneo lenu. Mtu akishukiwa, akabidhiwe polisi bila kupigwa. Kujichukulia sheria mkononi ni kosa la jinai, na mara nyingine aliyepigwa huwa siye.

Tunawaomba wenye maghala wakague milango yao juma hili, kabla ya akiba ya jirani kuisha.