Mashindano ya Vijana: Nani Atasimamisha Mchezo?

 

Shule zinapofungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba, viwanja vya Kisii na Nyamira hujaa. Kikundi cha vijana huchanga pesa, hununua mpira na kombe, kisha hualika vijiji jirani. Hili ni jambo jema. Kijana anayecheza hujenga mwili, hupata marafiki, na hakosi la kufanya. Lakini wewe uliyebaki nyumbani unajiuliza: je, mtoto wangu atarudi salama? Leo tutaona mambo ambayo mama anaweza kuuliza na kufanya kabla ya filimbi ya kwanza kupulizwa.

MVUA YA ALASIRI NA RADI

Tuanze na hatari ambayo sisi wa milima ya Gusii tunaijua vizuri. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima yetu, hupoa, na kufanya mawingu mazito. Ndiyo maana asubuhi jua huwaka, na saa nane au saa tisa mchana mvua huja na ngurumo. Saa hiyo ndiyo saa ya fainali.

Mwezi wa Agosti mwaka 2020, katika mji wa Arua nchini Uganda, watoto walikuwa wakicheza kandanda. Mvua ilipokuja walikimbilia kibanda. Radi ilikipiga kibanda hicho, na watoto 10 wakafariki. Watoto hao walifanya lile ambalo watoto wetu hufanya kila siku: walijikinga na mvua. Lakini mahali panapozuia mvua si lazima pazuie radi.

Basi shika kanuni hii: ngurumo ikisikika, mchezo unasimama, hata kama mvua bado haijanyesha. Usingoje matone. Radi yaweza kupiga mbali na mahali penye mvua. Watu wote waingie katika jengo lenye kuta pande zote, kama darasa, au ndani ya matatu yenye madirisha yaliyofungwa. Kama shule ina jengo lenye kinga ya radi, hilo litumike kwanza. Mkiwa ndani, kaeni mbali na madirisha, milango na nyaya za umeme. Msikimbilie chini ya mkaratusi, hema, kibanda cha nyasi au kibanda cha mabati kisicho na kuta. Msisimame karibu na magoli ya chuma.

Mchezo usirudiwe mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ngurumo nyingine ikisikika, anza kuhesabu upya.

Na mtu akipigwa na radi? Mguse, msaidie. Mwili wake haubaki na umeme, wala hautakudhuru. Usirudi nyuma kwa hofu au kwa minong'ono ya watu. Kama radi bado zinapiga, mwingizeni ndani haraka. Kama wamepigwa wengi, anza na yule asiyepumua, kwani anaweza kuokolewa. Weka mikono katikati ya kifua chake, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefundishwa kumpulizia pumzi, fanya hivyo pia. Usiache mpaka apumue au msaada ufike.

MTU MMOJA MWENYE NENO LA MWISHO

Mama, kanuni hizi wengi wamezisikia. Shida huja uwanjani. Timu inayoongoza haitaki kusimama. Mashabiki wanapiga kelele. Mgeni wa heshima ana haraka ya kutoa kombe. Refa naye ni kijana, anaogopa kulaumiwa.

Kwa hiyo chagueni mtu mzima mmoja kabla ya mashindano, awe msimamizi wa usalama. Asiwe kocha, wala asiwe na timu. Anaweza kuwa mama anayeheshimika au mhudumu wa afya ya jamii. Akisema tusimame, mchezo unasimama, na hakuna wa kumpinga, hata mgeni wa heshima.

Pia andikeni mapema katika sheria za mashindano mechi iliyokatizwa itamalizwa lini na vipi. Timu zikijua kwamba hazitapoteza chochote, hazitagombana na mvua. Jambo lingine: pangeni mechi zianze asubuhi, na fainali iishe kabla ya saa saba mchana.

KABLA YA MTOTO KUTOKA NYUMBANI

Mwambie kocha ukweli. Kama mtoto ana pumu, kifafa, selimundu au ugonjwa wa moyo, usifiche kwa kuona haya. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Mtoto aliyewahi kuzimia akicheza, au anayeumwa na kifua akikimbia, apimwe hospitalini kwanza. Mchezaji wa Kamerun, Marc-Vivien Foé, alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, bila kugongwa na mtu, akafariki. Alikuwa na miaka 28. Anayeonekana mwenye nguvu naye anaweza kuwa na moyo mgonjwa.

Mpe uji wa wimbi, ndizi au viazi vitamu saa mbili au tatu kabla ya kucheza. Mpe maji yaliyochemshwa katika chupa yake mwenyewe. Uliza pia kama watoto wamegawanywa kwa umri. Mtoto wa miaka 11 asigongane na kijana wa miaka 17.

AKIUMIA UWANJANI

Kidonda: Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha funika kwa kitambaa safi. Usitie majivu, udongo wala mafuta ya taa. Uliza kituo cha afya kama anahitaji chanjo ya pepopunda.

Kichwa: Akigongwa kichwa, kisha akachanganyikiwa, akasahau au akaona kizunguzungu, atoke na asirudi kucheza siku hiyo, hata akisema amepona. Apelekwe akaangaliwe. Akitapika, akisinzia kupita kiasi, akiumwa kichwa zaidi na zaidi au akipata degedege, apelekwe hospitali mara moja.

Mfupa: Usikande, usivute, usinyooshe. Funga kiungo kama kilivyo kwa kipande cha ubao au katoni, umpeleke hospitali.

Magoli: Magoli ya kuhamishwa yafungwe imara chini. Watoto wasiyaning'inie, kwani yakianguka huua.

Msimamizi awe na sanduku la huduma ya kwanza lenye glavu, bandeji, sabuni na mkasi. Awe na simu yenye chaji na nambari za dharura: 999, 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Gari la kubeba majeruhi lijulikane mapema, na dereva wake awepo. Mwenye mfupa uliovunjika hapandishwi bodaboda.

TUKUMBUKE

Ngurumo ikisikika, tunasimama. Tunangoja dakika 30. Mtu mmoja ana neno la mwisho. Kocha anajua ugonjwa wa kila mtoto. Gari liko tayari.

Mama, kikundi kikija kukuomba mchango wa kombe, toa kwa moyo mweupe. Lakini kabla ya kutoa, waulize swali moja: ngurumo ikilia wakati wa fainali, ni nani atasimamisha mchezo? Wakikutajia jina la mtu, mtume mtoto. Wakitazamana, kaa nao chini mchague mtu siku hiyo hiyo. Huenda mtu huyo akawa wewe.

Kwaheri, na Mungu awalinde watoto wetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI
1. Katika kiwanja cha kijiji chetu, ni jengo gani lililo karibu ambalo watu wote wanaweza kuingia?
2. Ni nani kati yetu amefundishwa huduma ya kwanza?
3. Tutamchagua nani awe msimamizi wa usalama?