Protini si Adui wa Figo

Pale Wenje, kando ya Mto Tana, chakula cha kujenga mwili hakisubiri duka. Wapokomo huvua kambare na hupanda kunde na pojo; jirani zao Waorma hukama ng'ombe. Ndiyo maana hushtuka nisikiapo usemi unaoenezwa, hata na watu waliosoma, kwamba mwenye shinikizo la damu au figo dhaifu aache samaki, nyama na maziwa, na nyumba nzima imfuate.

Usemi huo una chembe ya ukweli. Protini ikishatumika mwilini huacha taka iitwayo yurea, nazo figo ndizo ziitoazo. Katika figo zilizodhoofika, vichujio vilivyosalia hubeba mzigo wa vile vilivyokufa, na protini nyingi huuongeza. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1994 uliwagawa wagonjwa 585, wengine wakala protini ya kawaida na wengine kidogo. Baada ya miaka mitatu tofauti baina yao haikuwa kubwa.

Mtu mzima ambaye figo zake zimepungua nguvu, lakini hajaanza kusafishwa damu kwa mashine, leo hushauriwa kula gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Walimu wa hesabu, hilo ni zoezi zuri: mwenye kilo 60 ana haki ya gramu 48. Yai lina gramu 6 hivi, bilauri ya maziwa 8, na kipande cha samaki cha gramu 100 hukaribia 20. Kumbe vyote vyaenea! Anayesafishwa damu huhitaji zaidi, kwani mashine huondoka na sehemu ya protini yake. Akijinyima, misuli hunyauka. Na mtoto anyimwaye kwa sababu ya maradhi ya babu yake huelekea kwenye unyafuzi.

Kwa shinikizo la damu ningeanza na chumvi, ambayo Shirika la Afya Duniani hutaka isifike gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko cha chai. Kambare mbichi hana kosa. Ng'onda ndiye wa kuogopwa.

Nadhani kinachowachanganya wengi ni kipimo cha hospitali. Daktari akisema kuna protini katika mkojo, mgonjwa hudhani amekula kupita kiasi. La! Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba vichujio vimeanza kuvuja, na kijikaratasi cha kupimia huweza kuionyesha kwa dakika chache, miguu ikiwa bado haijavimba.