Mgeni Njoo: Rekodi za Kumbi na Mikutano

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga waliposema hivyo walikuwa wakimfikiria mgeni mmoja, na pengine jogoo mmoja wa kumchinjia. Hawakuwaza wageni elfu themanini wenye beji shingoni, wote wakitaka chai ya saa nne, intaneti isiyokatika na choo cha karibu. Biashara ya mikutano ni methali hiyo hiyo iliyotiwa hesabu. Hizi hapa rekodi zake, kubwa na za kuchekesha, na kwa kila moja tunauliza swali moja tu: mwenyeji alipona?

Msongamano mkubwa: Dubai, 2023

Mkutano wa tabianchi wa COP28 uliwaleta Dubai watu zaidi ya 80,000, idadi ambayo mkutano wa aina hiyo haujawahi kuifikia. Wanaokumbuka Nairobi ya Novemba 2006 watatabasamu. COP12, ya kwanza kufanyika Afrika kusini mwa Sahara, ilipokea watu wapatao 6,000 pale Gigiri, na jiji liliona limefurika. Dubai haikuanza kuchimba misingi kwa ajili ya wageni hao. Ilifungua tena viwanja vya Expo 2020, maonesho yaliyoahirishwa na korona hadi Oktoba 2021, ambayo hadi kufungwa kwake Machi 2022 yalikuwa yamehesabu matembezi zaidi ya milioni 24. Aliyekwisha kununua masufuria ya harusi ya kwanza haogopi ya pili.

Choo kilichoingia katika historia: London, 1851

Maonesho Makuu ya London yalifanyika ndani ya jumba la vioo lililosanifiwa na Joseph Paxton, na kwa miezi mitano na nusu yalipata wageni milioni 6. Lakini watu wa shughuli wanamkumbuka zaidi fundi bomba, George Jennings, aliyeweka vyoo vya kulipia. Watu 827,280 walitoa peni moja kila mmoja. Kila aliyewahi kusimamia shughuli anajua kwamba mgeni atasamehe hotuba mbovu na wali mkavu, lakini choo hasamehi. Mwenyeji je? Alipona vizuri sana: faida ilinunua ardhi ya South Kensington, ambako leo yamesimama makumbusho makubwa ya London.

Kikao kirefu: 1973 hadi 1982

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wajumbe wa Mkutano wa Tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Sheria ya Bahari wangestahili jembe, panga na shoka. Walianza New York Desemba 1973, wakahamia Caracas, wakaenda Geneva, wakarudi New York, na mkataba ukasainiwa Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982. Nchi zaidi ya 160 zilishiriki. Mvuvi wa Lamu na wa Kilwa wana cha kuwashukuru: wazo kwamba nchi iwe na haki ya kiuchumi hadi maili 200 kutoka pwani lilipigiwa debe na Kenya kabla hata ya kikao cha kwanza. Hapa aliyepona ni bahari, na mwenyeji akasahaulika.

Hotuba ndefu: New York, 1957

Krishna Menon wa India alizungumza karibu saa 8 mbele ya Baraza la Usalama kuhusu Kashmir. Alianza tarehe 23 Januari akamaliza kesho yake. Miaka mitatu baadaye Fidel Castro alichukua saa 4 na dakika 29 katika Baraza Kuu, na huko rekodi ni yake. Tuwaonee huruma waliokuwa ndani ya vibanda vya vioo. Ukalimani wa papo kwa papo huchosha akili kiasi kwamba wakalimani hukaa wawili wawili na kupokezana kila nusu saa hivi. Washereheshaji wetu wa harusi, wanaompokonya baba mdogo kipaza sauti kwa ucheshi, wangepata kazi nzuri pale.

Hotuba iliyowashtua wakalimani: Addis Ababa, 2004

Julai 2004 Joaquim Chissano wa Msumbiji, akikabidhi uenyekiti wa Umoja wa Afrika, alisimama akatema Kiswahili. Si Kireno, si Kiingereza. Lugha hiyo aliijua tangu enzi za Frelimo alipoishi Tanzania. Vibandani hawakuwa wamejiandaa, na wakuu wa nchi wakabaki wakigeuza vifaa vyao vya masikioni huku na huko. Wasimamizi walipata somo: muulize msemaji lugha yake kabla hujapanga vibanda. Umoja wenyewe ulilijibu swali hilo Februari 2022 ulipokifanya Kiswahili lugha yake ya kazi.

Jengo lenye urefu wa tarehe: Addis Ababa, 2012

Mnara wa makao makuu ya Umoja wa Afrika una mita 99.9. Hawakuishiwa saruji: ni kumbukumbu ya 9/9/1999, siku lilipotolewa Azimio la Sirte lililouzaa Umoja huo. China ililitoa jengo kama zawadi, kwa gharama ya dola milioni 200. Ni mara chache mgeni huja na nyumba mkononi.

Rangi mbichi: Kigali, 2016

Kuba la Kigali Convention Centre, lenye umbo linalokumbusha nyumba za kifalme za Rwanda, lilizinduliwa siku chache tu kabla ya wakuu wa Afrika kuwasili Julai 2016, baada ya ujenzi ulioanza 2009. Kila kamati ya harusi inaijua presha hiyo: magari ya wageni yako getini na mafundi wa taa bado wako juu ya ngazi. Oktoba ya mwaka huo huo, makubaliano ya kupunguza gesi za majokofu zinazopasha dunia joto yalifikiwa hapo, na yanaitwa Marekebisho ya Kigali. Tangu hapo kila mhandisi wa majokofu duniani hulitaja jina la mji huo. Hakuna bango la matangazo linaloweza kununua hilo.

Nyumba iliyopangishwa kwa mwenyewe: Arusha

Rekodi hii haina mpinzani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijijengea makao Arusha, kisha ikavunjika 1977. Nyumba ikabaki bila mwenyewe. Mwaka uliofuata Tanzania ikaifanya kituo cha mikutano, AICC, na wageni wakaanza kuilisha. Mmoja alikaa miaka ishirini: mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofunga kazi Desemba 2015. Ndani ya jengo hilo, tarehe 2 Septemba 1998, mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari kwa mara ya kwanza. Ni jengo hilo hilo ambamo mapatano ya amani ya Rwanda yalikuwa yamesainiwa Agosti 1993, miezi minane kabla ya mauaji yenyewe. Na Jumuiya? Ilifufuka, ikarudi Arusha, ikapanga ofisi katika jengo lililojengwa kwa ajili yake, hadi ilipopata makao mapya 2012. Mwenyeji alipona kwa kugeuka mgeni.

Mgeni aliyechelewa kurudi: Nairobi, 1973

Jumba la KICC lilikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU. Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway na David Mutiso wa Kenya walikuwa wakilichora, na ujenzi ulianza 1967. Kisha Benki ya Dunia na IMF zikaichagua Nairobi kwa mkutano wao wa mwaka wa 1973, wa kwanza katika ardhi ya Afrika. Kwa mgeni wa namna ile sebule ya chama haikutosha. Ramani ikapanuliwa, na Septemba mwaka huo wenye mabenki wakakaribishwa chini ya mnara wa mita 105. Wakala, wakaagana, wakaondoka. Mkutano huo haukurudi Afrika hadi Oktoba 2023, Marrakech: miaka hamsini kamili.

Nairobi haikukaa kibarazani kuwangoja. Wanawake wa dunia walikutana KICC mwaka 1985, marais wa Afrika wakajadili tabianchi hapo Septemba 2023, na katikati ya hao yamepita maonesho na mahafali yasiyo na idadi. Mwaka 2019 Benki Kuu ya Kenya ilipotoa noti mpya, picha ya jumba hilo iliwekwa kwenye kila moja, kuanzia ya shilingi 50 hadi ya 1,000. Wenye mabenki walikuja mara moja tu. Nyumba waliyopanuliwa sasa hulipia mboga sokoni kila siku.