Laptopu haiwaki? Usikimbilie kuizika

Juma hili nataka tuzungumze habari ya kompyuta iliyotangazwa kufa nayo ingali hai.

Jumamosi iliyopita, ukungu wa Meru ukiwa bado haujapanda, mpwa wangu alibisha hodi. "Shikamoo mjomba," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba machozi yakamtoka. Binti huyu anasoma chuo, na kwa mwaka mzima amekuwa akizunguka miteremko ya Mlima Meru kuchota maji ya chemchemi na kupima floridi, ile inayowapaka watoto wetu meno rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya chemchemi zetu zinakivuka. Vipimo vyote vilikuwa ndani ya laptopu, na laptopu ilikuwa haiwaki. Fundi mmoja wa mjini alikuwa ameibadilishia diski, kisha akamwambia kwamba mazabodi imeungua, anunue nyingine.

Kwanza nieleze kwa nini alibadili. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, katika laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa mto mwembamba wa hewa. Ndiyo maana haipendi kutikiswa kwenye barabara zetu za vumbi, na haipendi vilele pia: watengenezaji wengi huweka mwisho wa kuitumia kwenye kimo cha mita 3,000 hivi, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi. Kilele cha Meru kina mita 4,566. Diski ya kisasa, iitwayo SSD, haina kinachozunguka. Ni ya haraka na ni ngumu kwa safari. Kwa hiyo binti hakukosea kubadili. Kosa lilikuwa katika namna ya kubadili.

Sasa sikiliza. Laptopu isipowaka baada ya kazi hiyo, swali la kwanza ni hili: haiwaki vipi? Kama hakuna hata taa moja, tazama umeme: chaja, betri, na waya wa betri ambao huenda fundi aliuchomoa akasahau kuurudisha. Kama taa zinawaka na feni inavuma lakini kioo ni cheusi, shuku RAM, ile kumbukumbu ya muda. Kama kioo kinaleta maandishi kwamba hakuna kifaa cha kuwashia, mashine ni nzima. Shida iko kwenye diski au kilichomo ndani yake. Na kama inakuomba namba ndefu ya tarakimu 48, hiyo ni kufuli ya BitLocker. Ufunguo wake mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute kabla ya kugusa jambo lolote lingine.

Ya binti ilikuwa na taa, feni ikivuma, na kioo kama usiku wa manane. Tulizima, tukachomoa chaja, tukafungua kifuniko kwa bisibisi na kuutoa waya wa betri, kisha tukabonyeza swichi ya kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe. Tukairudisha diski ya zamani. Huu, ndugu yangu, ndio mtihani mkuu: ikiwaka na diski ya zamani, basi mashine haina kosa. Tukaunganisha umeme tena, tukabonyeza. Ikabaki nyeusi! Kwa hiyo diski mpya haikuwa mwizi wetu wa kwanza.

Tukakata umeme tena, tukaitoa RAM. Upande mmoja ulikuwa umekaa nusunusu, bila shaka iliguswa wakati wa kazi ile. Tukaifuta kwa kitambaa kikavu, tukaiingiza kwa kuinamisha, tukaikandamiza mpaka vibanio vikalia "tik". Tukawasha, na Windows ikaja. Binti akaruka juu. Nami nikamwambia, kabla ya shangwe, nakili vipimo vyako kwenye flashi. Akanakili mara mbili.

Ndipo tukairudisha diski mpya. Safari hii kioo kikasema hakuna kifaa cha kuwashia. Tukaingia BIOS, ile programu ya mwanzo kabisa ya mashine, tukaona jina la diski na ukubwa wake. Maana yake imeunganishwa vizuri. Kama isingeonekana, tungeshuku imelegea au si ya aina yake, kwa kuwa SSD ndogo za SATA na za NVMe hufanana kama mapacha, na si kila laptopu hupokea zote mbili.

Basi kasoro ilikuwa nini? Fundi alinakili sehemu ya C peke yake. Lakini kwenye laptopu za siku hizi kuna chumba kidogo kilichojificha, mara nyingi cha megabaiti 100 hadi 260, chenye maelekezo ya kuamshia Windows. Kukiacha hicho ni kuhamisha nyumba ukasahau ufunguo wa mlango. Tukarudi kwenye diski ya zamani, tukaiweka mpya katika kasha la USB, tukanakili diski yote, si C tu. Tukabadilishana tena. Ikawaka kwa sekunde chache.

Unaona, msikilizaji, yalikuwa makosa mawili yamelaliana, na la kwanza lilimficha la pili. Anayebadili mambo matatu kwa pamoja hatajua lipi lililoponya. Badili moja, jaribu, kisha endelea. Wala usiifute diski ya zamani kabla mpya haijafanya kazi mwezi mzima. Na fundi akikuambia mazabodi imeungua, mwulize kwa upole: umejaribu na diski ya zamani? Umeitoa RAM ukairudisha? Akikosa jibu, chukua mzigo wako uende kwa mwingine.

Mpwa wangu amerudi chuoni na chemchemi zake zote. Tukutane juma lijalo, panapo majaaliwa.